Xiaolongbao za bei nafuu Kampala: mtafute anayekunja, si kibao cha mlangoni

Ukiuliza watu wa Kampala ni wapi utapata xiaolongbao kwa bei anayoimudu mtu wa mshahara wa kawaida, utaelekezwa kwenye mgahawa wowote wenye taa nyekundu mlangoni. Utakwenda, utaagiza, na mara nyingi utaletewa kitu kingine: vifurushi vya unga vyenye nyama kavu, au bakuli la supu ambamo vifurushi vinaelea. Ni vitamu, lakini sivyo ulivyovifuata. Xiaolongbao ni chakula cha Kichina: kifurushi kidogo cha unga mwembamba kilichopikwa kwa mvuke kwenye kapu, na mchuzi wake umo ndani humohumo pamoja na nyama. Unakitoboa, unakunywa mchuzi, ndipo unakula kilichobaki.

Wanaovipenda wanajua usumbufu wa kuvitafuta hapa kwetu. Mgahawa mmoja unavyo kwenye menyu lakini leo havipo. Mwingine vipo, ila bei yake ni ya wageni wa kampuni. Mahali pa tatu unaletewa vya friza vilivyokwisha kupasuka, mchuzi wote umeishia chini ya kapu. Watu wengi huishia kusema kwamba Kampala hakuna xiaolongbao za bei nafuu. Mimi sikubaliani nao. Nadhani tunatafuta kwa njia isiyofaa: tunauliza mgahawa gani, wakati swali lenye jibu ni nani anavikunja kwa mikono, na siku gani. Kuona sababu yake inabidi kuelewa kwanza mchuzi unaingiaje ndani ya kile kifurushi, na kwa nini kazi hiyo ni ngumu katika mji wenye joto na umeme unaokatika.

Chakula cha upande mmoja wa China

Wengi wetu Kampala tulikijua chakula cha Kichina kupitia migahawa ya zamani kama Fang Fang, tukazoea wali wa kukaanga, tambi na nyama yenye mchuzi mtamu wenye uchachu. Tukadhani China nzima inakula hivyo. Lakini nchi ile ni kubwa mno, na xiaolongbao zinatoka sehemu moja ya mashariki: Shanghai na mikoa jirani ya Jiangsu na Zhejiang. Chimbuko linalotajwa zaidi ni Nanxiang, mji mdogo ambao sasa uko ndani ya Shanghai, ambako inasimuliwa kwamba Huang Mingxian alianza kuziuza miaka ya 1870. Mwaka 1900 biashara hiyo ikafika mjini, karibu na bustani ya Yuyuan, na mpaka leo watu hupanga foleni pale.

Mpishi wa kutoka kaskazini, Shandong au Beijing, amekulia kwenye jiaozi: vifurushi vya umbo la mwezi mchanga, vya kuchemshwa au kukaangwa, visivyo na mchuzi wa kunywa. Wa Sichuan anajua pilipili. Wa Guangdong atakupa hundun, yaani vile vya kuelea kwenye supu. Wachina walioko Uganda walifuata biashara na miradi ya ujenzi kutoka mikoa mbalimbali, na wapishi wao vilevile. Kwa hiyo kibao cha Kichina mlangoni hakikwambii lolote kuhusu xiaolongbao. Mpishi anaweza kuwa hodari sana na asiwe amewahi kuzikunja maishani mwake.

Kuna mkanganyiko mwingine, na huu huwanasa hata wanaojua jina. Sehemu nyingi za China jina hilohilo hutumika kwa vimkate vidogo vya hamira, vyenye nyama ndani na mchuzi kidogo sana. Hivyo vinauzwa asubuhi mitaani kama kifungua kinywa. Unga wake umeumuka, ni mweupe na laini kama sponji, na mchuzi hauwezi kukaa ndani kwa sababu unga unaunyonya. Zile za mtindo wa Nanxiang hazina hamira. Unga na maji tu, ukakandwa, ukapumzishwa, ukasukumwa mwembamba kuliko chapati yoyote.

Mchuzi unaingiaje

Hakuna sindano, wala hakuna mtu anayemimina supu ndani ya unga. Mchuzi huingia ukiwa umeganda.

Mpishi huchemsha ngozi ya nguruwe kwa saa kadhaa, mara nyingi pamoja na mifupa, tangawizi na vitunguu majani. Ngozi ina kolajeni, na kolajeni ikichemka kwa muda mrefu hugeuka kuwa jelatini. Supu ile ikichujwa na kupoa kwenye friji inashikana na kuwa donge linalotikisika. Aliyewahi kuacha sufuria ya mulokoni ipoe usiku ameliona jambo lilelile: asubuhi supu ya kwato za ng'ombe imesimama wima, unaweza kuikata kwa kisu. Ukiirudisha jikoni, inayeyuka dakika hiyohiyo.

Donge hilo hukatwakatwa vipande vidogo, likachanganywa na nyama ya nguruwe ya kusaga, tangawizi, sosi ya soya, sukari kidogo, pilipili manga nyeupe na divai ya mchele ya Shaoxing. Mchanganyiko ukiwa baridi, unakaa kwenye kijiko bila kumwagika, na hapo ndipo unapoweza kufungwa. Kapu likiingia kwenye mvuke, jelatini inayeyuka, nyama inaiva, na unga unakuwa umeshajifunga juu yake. Ndiyo siri yote.

Sasa iangalie Kampala. Mchana joto hufika nyuzi 28 hivi, na jelatini huanza kulegea karibu na nyuzi 30. Jikoni penye majiko yanayowaka, joto ni zaidi ya hapo. Mpishi ana muda mfupi sana kati ya kutoa mchanganyiko kwenye friji na kuumaliza kuukunja. Umeme ukikatika asubuhi na jenereta haijawashwa, donge linarudi kuwa supu na kazi ya siku nzima imekwisha. Nikiambiwa «leo hazipo» siku ambayo mtaa mzima ulikuwa gizani, sikasiriki hata kidogo. Afadhali huyo kuliko anayekuletea nyama iliyolala nje ya friji.

Kuna pia suala la mwinuko. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Mvuke wake una joto pungufu, kwa hiyo mpishi anayefuata dakika za Shanghai bila kuongeza atatoa kapu mapema. Anayeijua Kampala huongeza dakika moja au mbili. Hilo si jambo dogo, maana nyama ya nguruwe lazima iive kabisa. Minyoo ya tegu ipo kwa nguruwe wetu, na kuiva vizuri ndiyo kinga.

Unalipia nini hasa

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea hesabu. Wanaona vifurushi vinane vidogo kwenye kapu, wanaona bei, wanasema wameibiwa.

Chukua kipimo cha Din Tai Fung, mgahawa wa Taiwan uliozifanya xiaolongbao zijulikane duniani: unga gramu 5, nyama na donge la mchuzi gramu 16, mikunjo 18. Kwa kipimo hicho kilo moja ya mchanganyiko wa ndani inatoa vifurushi 62, na unga wake haufiki hata theluthi moja ya kilo. Nyama ya nguruwe inapatikana Uganda kwa urahisi. Hii ni nchi inayoipenda, na pembeni ya barabara nyingi za Kampala inachomwa jioni nzima. Ngozi ni sehemu ambayo wengi hawaipi thamani kubwa. Tangawizi tunalima wenyewe, Butambala na Mpigi. Ngano nyingi inatoka nje, ndiyo, lakini unga unaotumika ni kidogo mno. Malighafi, basi, siyo inayopandisha bei.

Kinachopandisha ni mikono. Vifurushi 62 vyenye mikunjo 18 ni mikunjo zaidi ya 1,100, kila mmoja umefanywa na vidole vya mtu. Simama karibu na anayejua kazi uone. Anasukuma kingo za duara la unga kwa kifimbo kifupi, katikati anaacha pazito kidogo ili pabebe mchuzi. Anaweka nyama kwa kijiti cha mwanzi. Kidole gumba cha mkono mmoja kinabaki palepale, kidole cha shahada kinavuta ukingo na kuubana, mkono mwingine unazungusha, mpaka juu panafumba kabisa. Hatazami mikono yake. Anayejifunza huchukua miezi mingi kufika hapo, na mtu kama huyo akiwa Kampala anajua thamani yake.

Hivyo mgahawa una njia tatu. Unaweza kumlipa mtu huyo na kuuza ghali kwa watu wachache. Unaweza kununua vya friza. Au unaweza kuwa na wateja wengi wanaozila mara kwa mara, ili mikono ile isikae bure, na hapo bei ya kila kipande inashuka. Njia ya tatu ndiyo tunayoitafuta, na ndiyo maana mahali pa bei nafuu mara nyingi panakuwa bora pia: makapu yanatoka haraka, nyama hailali.

Ukishafika, usilinganishe bei za sahani. Linganisha bei ya kipande. Tuseme, kwa mfano tu, mgahawa mmoja unauza kapu kwa shilingi 24,000 na mwingine kwa 36,000. Wa kwanza unaonekana rahisi, lakini kapu lake lina vipande vitano, kila kimoja 4,800. Wa pili una kumi, kila kimoja 3,600. Halafu soma maandishi madogo chini ya menyu. Kodi ya ongezeko la thamani Uganda ni asilimia 18, na baadhi ya migahawa huandika bei kabla ya kodi. Kapu la 30,000 likiongezwa kodi hiyo linakuwa 35,400, na kama kuna malipo ya huduma juu yake, mpango wako wa jioni umeharibika. Uliza kabla ya kukaa: «Dada, bei hii ina kodi ndani?» Hakuna aibu.

Wapi pa kuanzia

Kololo na Nakasero kuna migahawa ya Kichina yenye bustani, meza kubwa za kuzunguka na menyu yenye picha. Kodi ya pango pale ni kubwa, na inalipwa na sahani yako. Sisemi usiende, huenda mpishi wa Shanghai yuko hapohapo. Lakini kwa mfuko wa kawaida, mahali pa kupekua ni pale Wachina wenyewe wanapokula wakiwa kazini: jirani na maduka yao ya vyakula, nyumba zao za kulala wageni, na ofisi za makandarasi. Na ukiwa na safari ya nje ya mji, angalia njia za viwandani. Namanve kuna viwanda vingi, Mbalala huko Mukono kuna eneo la viwanda la Tian Tang, Kapeeka wilayani Nakaseke kuna eneo la viwanda la Liao Shen, na Mbale nako kuna eneo la viwanda la Kichina. Penye wafanyakazi wa Kichina wanaohitaji kula kila siku panakuwa na mtu wa kuwapikia, na wanaotaka vya nyumbani kwao hawakubali vilivyopasuka.

Mahali kama hapo huenda hapana kibao kikubwa, na menyu inaweza kuwa karatasi ukutani kwa maandishi ya Kichina. Kwa hiyo hifadhi haya kwenye simu yako: 小笼包. Na haya pia, 灌汤包, kwa vile vya mchuzi mwingi zaidi. Mwonyeshe mhudumu au mwenye duka. Duka la vyakula vya Kichina ni mahali pazuri mno pa kuulizia, kwa sababu mwenye duka anajua nani amenunua siki nyeusi ya Zhenjiang na divai ya Shaoxing kwa katoni. Mteja wa katoni ni mgahawa. Muulize mgahawa huo.

Kisha piga simu kabla ya kupanda bodaboda. Wahudumu wengi ni wenzetu, na swali likiulizwa kwa upole watakwambia ukweli. Swali la kwanza ni hili: mchuzi uko ndani ya kifurushi au kwenye bakuli? Ukisema kwa haraka kwamba unataka vifurushi na supu, utaletewa hundun na lawama itakuwa yako. La pili: vinakunjwa hapo leo, au vimetoka kwenye friza? La tatu: siku gani mpishi huwa anakunja? Hili la tatu ndilo muhimu kuliko yote, na karibu hakuna anayeliuliza. Mahali pengi xiaolongbao ni kazi ya mwisho wa wiki, wakati familia na marafiki wa Kichina wanapokuja kula pamoja. Ukienda Jumanne utapata vilivyobaki Jumapili. Na kumbuka mwaka mpya wa Kichina, ambao huangukia kati ya Januari 21 na Februari 20: kipindi hicho wapishi wengi huwa wamekwenda kwao, na mgahawa unaweza kuwa wazi bila mtu anayejua kukunja.

Kwa wenzetu Waislamu, swali la nyama linakwenda mbali kuliko «kuna nguruwe?». Hata kifurushi kilichoandikwa cha kuku au kamba kinaweza kuwa na mchuzi wa ngozi ya nguruwe, maana ndiko jelatini inakotoka, na divai ya Shaoxing ni kileo. Uliza mchuzi umetengenezwa na nini na umetiwa nini. Usikate tamaa, kwa sababu China yenyewe ina Waislamu wenye utamaduni wao wa chakula: huko Xi'an, mtaa wa Waislamu, vifurushi vya mchuzi hutengenezwa kwa nyama ya ng'ombe au kondoo tangu zamani, navyo vinasifika. Nchi yenye mulokoni haina sababu ya kukosa jelatini ya ng'ombe. Mgahawa wa halali utakaoanza kazi hiyo Kampala nitakuwa mteja wake.

Mezani, kapu likifunguliwa, usikimbilie kuonja. Tazama kwanza. Kifurushi kizuri kimelegea, kimekaa kama mfuko wenye maji, na ukikiinua taratibu kwa juu, penye mikunjo, kinaning'inia bila kupasuka. Kikiwa kimevimba na kusimama, kuna hamira. Kikiwa kimenata kwenye karatasi na chini kuna kidimbwi, kimepasuka jikoni, na una haki ya kuomba kingine. Kitie kwenye siki nyeusi yenye nyuzi za tangawizi, kiweke kwenye kijiko, ng'ata tundu dogo pembeni, subiri kidogo maana mchuzi unaunguza kweli, ndipo unywe. Mchuzi wa kweli unanata kidogo midomoni. Hiyo ni jelatini. Usiponata na ukawa na chumvi kali tu, umekunywa supu ya unga wa pakiti. Na mgahawa ulioweka siki nyeupe mezani haukatazwi kuwa mzuri, ila siwezi kusema kwamba anayejali xiaolongbao angeiweka.

Kuletewa nyumbani sikushauri. Dakika ishirini za foleni ya Jinja Road zinatosha kuharibu kila kitu: unga unaendelea kuunyonya mchuzi, juu pananyauka, chini panalainika, na bodaboda ikiruka shimo moja tu, nusu ya kapu limepasuka. Utalipa bei ileile kula vipande vya nyama vilivyovaa unga uliolowa.

Kama huna muda wa kukaa mgahawani, muulize mpishi kama anauza vibichi. Wengine huvigandisha wenyewe siku ya kukunja na kuviuza kwa bei ya chini, kwa sababu hulipii meza wala huduma. Beba kwenye kisanduku chenye barafu. Ukifika nyumbani usiviache viyeyuke, maana donge likirudi kuwa supu kabla unga haujaiva litapenya chini. Chemsha maji mpaka yafoke, tandika kwenye kapu jani la ndizi lililobabuliwa na kupakwa mafuta kidogo, panga vifurushi vikiwa bado vigumu kama jiwe na viachiane nafasi, funika. Vya ukubwa huu vikitoka friza huhitaji kama dakika kumi na mbili, na kwa mvuke wetu wa nyuzi 96 ongeza mbili. Pasua kimoja uangalie nyama imebadilika rangi mpaka katikati kabla ya kuwaita watoto.